Siku Ishirini na Nne

Jumapili, 8 Septemba 1996

Leo kanisani nimepewa nafasi ya kusema. Mellen, kitinda mimba wa Kipkirui, ameitwa chuo kikuu Nairobi, na barua yake ilisomwa mbele ya watu wote, kisha ikapitishwa mkono kwa mkono ili kila mtu aishike. Nilimfundisha mtoto huyo hisabati kabla sijastaafu. Nilisimama nikasema kwamba ni msichana wa kwanza wa kanisa letu hapa Boito kuitwa chuo cha jiji, na kwamba wadogo zake wamtazame yeye. Watu walipiga makofi. Aliyepiga kuliko wote ni mjukuu wangu Chepkurui, ambaye alifanya mtihani naye dawati moja na kumpita kwa pointi mbili. Barua ya Chepkurui haijafika.

Tulipotoka Kipkirui alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bakule, umenipa heshima leo."

Bakule ni neno tunaloitana sisi tuliotahiriwa pamoja. Watu wawili walioitana hivyo hawachongeani, hawashtakiani, na mmoja hamfichi mwenzake kitu. Nayaandika haya kwa ajili ya yeyote atakayelikuta daftari hili nikiwa sipo.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua tangu saa tisa. Tumechuma nusu ya shamba la chini la chai.

Jumapili, 15 Septemba

Nyumba zaidi ya themanini hapa zinatumia sanduku moja la posta, la kanisa. Katibu wa kanisa ndiye mwenye ufunguo, na katibu ni Kipkirui. Siku ya soko huenda posta, hufungua sanduku, na Jumapili baada ya baraka ya mwisho husimama mlangoni na kuita majina. Hata mtu asiyetegemea barua husimama kusikiliza, maana kuitwa jina mbele ya watu ni kitu kizuri.

Leo hakuliita letu. Chepkurui alingoja hadi mikono ya Kipkirui ikawa mitupu.

Jumapili, 22 Septemba

Ameliita.

Chepkurui alisoma barua akiwa amesimama kwenye ua wa kanisa, kisha akaketi kwenye nyasi zenye maji na nguo yake ya Jumapili. Nilidhani ni furaha. Akanipa karatasi ya pili.

Nieleze, kwa sababu si kila mtu anaelewa. Kuitwa chuo ni jambo moja, kupewa mahali pa kulala ni jambo jingine. Vyumba vya wanafunzi ni vichache kuliko wanafunzi, kwa hiyo chuo hutuma fomu ya makazi pamoja na barua. Unachagua: bweni la ndani ya chuo, chumba cha mtu mmoja, au bweni la ng'ambo ya barabara kuu, watu wanne, au hosteli ya masista, ambako mlango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Unarudisha fomu. Usiporudisha, unaandikwa mwanafunzi wa kutwa, na mtoto kutoka Boito atakuwaje wa kutwa Nairobi? Fomu ilitakiwa ifike tarehe 16 Septemba. Leo ni 22.

Kipkirui alikuja akamshika mtoto bega. "Posta ya siku hizi, bakule. Barua inatembea kwa miguu."

Nyumbani niligeuza bahasha. Karani wa posta hugonga muhuri nyuma ya barua siku inapofika, na hili niliwafundisha watoto wa darasa la sita miaka ishirini na minane: mbele ni ilikotoka, nyuma ni ilikofika. Nyuma ya barua hii imeandikwa 29 Agosti.

Nakumbuka vizuri nyuma ya barua ya Mellen, maana niliishika Jumapili ile kabla ya kusimama kumsifu. Nayo ilikuwa 29 Agosti.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekwenda posta. Karani ni Maxine, binti wa watu wa ziwani, babake alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha chai.

"Mwalimu, hizo mbili nilizitia sandukuni mimi mwenyewe, zimefuatana," alisema. "Mzee akazitoa siku hiyohiyo. Hata aliniuliza kama kuna ingine ya chuo imebaki."

"Alizitoa mbili?"

"Mbili. Kwani kuna shida?"

Nikamwambia hakuna. Nilinunua stempu moja nisije nikaonekana nilikuja kwa hilo tu.

Sasa najua. Alitaka Jumapili moja iwe ya Mellen peke yake. Mimi nikasimama nikampamba, na barua ya mtoto wangu ikiwa ndani ya meza yake. Toka 29 Agosti hadi 22 Septemba ni siku ishirini na nne. Nimezihesabu mara tatu.

Sitamwambia Rodah, mke wangu. Rodah angekwenda kwa Kipkirui na jembe, na kesho yake angesamehe. Mimi nina njia nyingine. Mtu anayepogoa chai hakati kwa hasira. Anangoja mwezi unaofaa, ananoa kisu, anakata chini.

Jumamosi, 28 Septemba

Kamati ya kanisa. Katika mengineyo niliomba kusema. Nilisema bakule wangu ana kazi nyingi: ni katibu, ni mwenyekiti wa kituo cha kupimia majani ya chai, na goti lake linamsumbua. Mimi ni mwalimu mstaafu, sina kazi ila kusoma magazeti ya juzi. Nipeni sanduku la posta nimpunguzie.

Kipkirui alinitazama kwa shukrani. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Huyu ndiye ndugu," akasema, akatoa ufunguo mfukoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu.

Jumapili, 13 Oktoba

Wasichana wanaondoka kesho. Wameombewa pamoja, Kipkirui akiomba. Aliomba sana kwa ajili ya Chepkurui, kwamba Bwana amfungulie mlango. Nilifumbua macho nikamtazama muda wote huo.

Chepkurui hana mama. Binti yangu alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na tangu hapo amekuwa wetu. Nilimwita kando nikamwambia, "Ukifika huko, mtoto wa Kipkirui usimsogelee."

"Kwa nini, kugo?"

Kugo ni babu, kama kogo alivyo nyanya. Nikamwambia atajua kwa wakati wake.

Jumamosi, 26 Oktoba

Barua yake ya kwanza. Nilikuwa namrudishia barua zake za shule ya bweni zikiwa na masahihisho ya wino mwekundu, kwa hiyo ameandika kwa uangalifu. Nainakili sehemu:

"Kugo na kogo, niko salama. Nalala bwenini, ingawa si mwenye chumba. Mtu kama mimi hapa anaitwa haramia, kama wale wa baharini. Tuko wengi, hakuna aibu sana. Mwenyeji wangu ana kitanda, mimi nina godoro ambalo mchana linaingia chini ya kitanda hicho. Tunaamka kabla ya wengine ili nioge kabla msimamizi hajapita. Akipita, nakuwa mgeni aliyekuja kuazima kitabu. Nimeazima kitabu kimoja mara tisa.

"Wengi wa mwaka wa kwanza walidhani shida ya Nairobi itakuwa masomo. Shida ni mlango. Mwenye mlango wake ana marafiki: wanakuja, wanapika chai kwa waya wa umeme ndani ya jagi, wanasukana nywele, wanakaa. Asiye na mlango hawezi kumwambia mtu 'karibu'. Ijumaa kuna dansi kwenye ukumbi wa kulia chakula, na wavulana wa mwaka wa tatu wanakuja kutusalimia sisi wageni kwa heshima nyingi ambayo mwenyeji wangu anasema itaisha Novemba. Wanauliza, 'Unakaa chumba gani?' Nasema nakaa maktaba. Wanadhani najivuna. Wanafunzi wa kwetu, Kericho na Bomet, wana chama chao. Walitukaribisha kwa chai, wakaomba radhi kwa ajili ya chai yenyewe, maana kweli ilikuwa vumbi, yale mabaki ya kiwandani.

"Mwenyeji wangu ni mtu mwema kwangu. Mengine nitaeleza siku nyingine."

Hakumtaja jina. Rodah alisema lazima ni Adoyo wa mwaka wa pili, mpwa wa Okoth, karani wetu wa majani ya chai. Nikakubali. Nilikuwa nafikiria kitu kingine: mjukuu wangu anaingia chini ya kitanda kama kiatu, na Mellen wa Kipkirui ana mlango.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kipkirui ameniletea ndizi mbivu. Nimezila.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua ya mawe, dakika kumi tu. Shamba la juu limechunwa majani yote, limebaki vijiti. La Kipkirui, hatua mia mbili kutoka hapo, halikuguswa.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nimefungua sanduku. Barua saba. Sita za kawaida. Ya saba ni bahasha ndefu, imechapwa kwa mashine, na kwenye pembe pamegongwa jina la chuo na maneno Ofisi ya Makazi ya Wanafunzi. Imeandikiwa mzazi wa Mellen. Muhuri wa nyuma ni wa jana, 15 Novemba.

Nilikaa nayo kwenye benchi nje ya posta hadi mvua iliponifukuza.

Sikuifungua. Nataka hilo lieleweke. Katika maisha yangu yote sijafungua barua ya mtu. Lakini nilijua ni ya nini kwa jumla. Ofisi ya Makazi haimwandikii mzazi kumsalimia. Ni jambo la chumba, na lina tarehe ya mwisho, maana barua za ofisi hiyo zote zina tarehe ya mwisho. Ya kwetu pia ilikuwa nayo.

Nyumbani niliitia ndani ya kamusi kubwa, ukurasa ambao Rodah hana haja nao. Toka 15 Novemba, siku ishirini na nne zinaishia Jumatatu, 9 Desemba. Siku hiyo nitampelekea, si kabla wala si baada. Nitamwambia, posta ya siku hizi, bakule. Kisha nitamwonyesha bahasha ya Chepkurui ambayo naitembeza kwenye mfuko wa koti tangu Septemba, nimwache ahesabu mwenyewe.

Nimekula vizuri leo.

Jumapili, 17 Novemba

Niliita majina sita. Kipkirui alisimama karibu nami, akitikisa kichwa kila jina kama mtu aliyezoea.

"Mellen haandiki siku hizi," alisema.

"Wana masomo mengi," nikamwambia.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku ya sita.

Jumapili, 24 Novemba

Siku ya tisa. Jerusa, mke wa Kipkirui, ndiye aliyekuja kuuliza leo. Ni mwanamke wa maneno machache. Alisubiri watu waishe mlangoni.

"Mwalimu, hakuna yetu kabisa?"

Kumdanganya Kipkirui ni rahisi, maana kila nimwonapo naona Jumapili ile. Kwa Jerusa nilitazama viatu vyangu. Nikasema hakuna.

Jumanne, 26 Novemba

Siku ya kumi na moja. Mvua. Ng'ombe mwekundu amezaa, jike.

Jumapili, 1 Desemba

Siku ya kumi na sita. Kipkirui alianguka kidogo kwenye ngazi ya kanisa kwa ajili ya goti lake, nikamshika. Alikuwa mzito. Nilimwinua, akaniegemea hadi barabarani, na njia nzima nilihesabu: zimebaki nane.

Jumanne, 3 Desemba

Nitaandika haya polepole, kwa mpangilio.

Nilifika posta saa nne asubuhi. Kulikuwa na barua moja tu, ya Chepkurui. Niliifungua hapohapo dirishani kwa Maxine.

"Kugo, sasa nalazimika kukutajia jina ambalo ulinikataza. Mwenyeji wangu ni Mellen. Siku ya kwanza nilikaa kwenye sanduku langu nje ya bweni hadi jioni, na yeye akatoka akasema, 'Unangoja nini, ingia.' Hakuuliza kitu. Sikukueleza kwa sababu uliniambia nisimsogelee, nami nilikuwa nimelala futi moja kutoka kwake.

"Msimamizi alinikamata mwanzoni mwa Novemba. Lakini Ofisi ya Makazi wana njia. Mwenye chumba akikubali, wanafunzi wawili wanaweza kuandikishwa kwenye kitanda kimoja, majina mawili mlangoni, bila kujificha tena. Mzazi wa mwenye chumba ndiye anayetia sahihi. Fomu walimtumia babake Mellen tarehe 12 Novemba, na jibu lifike kabla ya Ijumaa, tarehe 6 Desemba, saa kumi. Isipofika, mimi nitatolewa, na Mellen atanyang'anywa chumba kwa kunificha. Mellen ana hakika babake atakubali. Anadhani barua imechelewa njiani. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, kwa kuwa sanduku liko kwako. Tafadhali kugo, uangalie vizuri, isije ikawa imekwama pembeni."

Maxine aliniuliza kama nataka maji.

Nilirudi nyumbani, nikaitoa bahasha kwenye kamusi, nikashuka kituo cha majani. Ilikuwa saa nane na foleni ilifika barabarani, vikapu vimejaa, watu kama thelathini, Rodah akiwa katikati yao. Okoth alikuwa anapima. Kipkirui, mwenyekiti, alisimama kando ya mizani akikagua majani, majani mawili na chipukizi, akitupa yaliyokomaa.

"Bakule," nikasema, "una barua."

"Leo si Jumapili."

"Haiwezi kungoja Jumapili."

Alifuta mikono, akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akanirudishia. "Miwani imebaki nyumbani. Nisomee, wewe ndiye mwenye sauti."

Nikafungua na kusoma. Watu walisogea kama wanavyosogea mlangoni mwa kanisa. Nilisoma jina la mtoto wake na jina la mtoto wangu kwenye mstari mmoja. Nilipofika kwenye tarehe, Okoth akashika mizani isicheze.

"Leo ni tatu, mzee," akasema.

Kipkirui alifikiri. "Imetoka Nairobi lini?"

"Kumi na mbili Novemba."

"Na kwetu imeingia lini? Geuza nyuma. Si wewe ndiye uliyewafundisha hawa wote kusoma muhuri?"

"Tarehe kumi na tano."

Wanawake kwenye foleni walihesabu kwa vidole. "Kumi na nane," mmoja akasema. Mwingine akarudia, akahakikisha. Rodah hakuhesabu. Aliweka kikapu chini.

Kipkirui alinitazama, uso wake ukafunguka polepole, kama mtu anayemtambua mgeni. "Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya kamusi."

"Kamusi," akasema. "Kwa hiyo siku hizi barua hazitembei kwa miguu. Zinalala vitabuni."

Nikatoa bahasha ya Chepkurui mfukoni. Pembe zake zilikuwa zimelika kwa kubebwa. Nikampa Okoth, kwa kuwa yeye si wa upande wowote. "Soma nyuma, kisha uwaambie ilitolewa Jumapili gani. Ulikuwapo."

Okoth alisoma moyoni kwanza. Alikohoa. "Ishirini na tisa Agosti. Ilitolewa Septemba ishirini na mbili."

"Ishirini na nne," foleni ikasema.

Nilikuwa nimeingoja saa hiyo zaidi ya miezi miwili. Nilidhani itakuwa tamu. Kipkirui hakukana. Alichukua jani moja lililokomaa, akalikunja, akalitupa.

"Nilitaka Jumapili moja," alisema. "Moja tu, bakule. Wewe umekuwa mwalimu, kila Jumapili ni yako. Halafu ikapita, na kila nikiishika barua naona ni nzito kuliko jana. Nikawa sijui nitaitoaje."

"Na mimi nilitaka siku zako tu. Sikutaka hata moja zaidi."

"Ulikuwa umebakisha sita."

Kuna mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa.

Kipkirui alinyosha fomu juu ya meza ya mizani, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati. "Sasa unataka nitie sahihi mtoto wako alale kwa mtoto wangu. Ni jambo kubwa hilo, mwalimu. Mtu hatii sahihi bila kufikiri. Nitafikiri siku sita, tulingane."

"Zikipita siku sita, Mellen naye yuko nje."

"Basi wote wawili watakuwa nje. Si ndiyo hesabu uliyoipenda?"

Nilijua anaweza. Nilimjua kwa sababu ningefanya vivyo hivyo. Tulisimama pale, wazee wawili wa kanisa, na hakuna aliyekuwa tayari kuondoa macho kwanza.

Jerusa alitoka kwenye foleni. Alimfikia mumewe, akaingiza vidole viwili kwenye mfuko wa shati, akaitoa fomu.

"Imeandikwa baba?" aliniuliza.

"Imeandikwa mzazi."

"Basi. Kwani Mellen mlimwokota kikapuni?" Akamgeukia Okoth. "Nipe kalamu, Okoth. Mwalimu, nionyeshe mahali."

Nikamwonyesha. Aliandika jina lake lote, taratibu, herufi moja moja, akaegemea meza ya mizani, na maji ya majani yakalowesha pembe moja ya karatasi. Rodah alikuja akasimama upande wake mwingine. Hakunitazama.

Okoth akasema lori la kiwanda linakwenda Mombasa kesho alfajiri na chai iliyofungwa, dereva ni Nyamwange, na lazima apite Nairobi. Ataifikisha fomu Alhamisi kama mvua haijavunja barabara. Akaitia fomu kwenye mfuko wa plastiki wa risiti zake.

Jerusa alinyosha mkono kwangu. "Na ufunguo."

Nikampa, na kamba yake ya kiatu.

Ijumaa, 6 Desemba

Saa kumi imepita. Sijui kama imefika.

Jumapili, 8 Desemba

Jerusa aliita majina. Letu hakuliita, wala la Kipkirui.

Rodah analala chumba cha Chepkurui. Alichoniambia ni hiki tu: "Ungeniambia Septemba, mimi ningewaandikia chuo kuwaomba chumba. Wewe ulijua tangu wiki ya pili kwamba mtoto analala chini ya kitanda, ukala ndizi za Kipkirui."

Jumatano, 11 Desemba

Nilipiga simu chuoni kutoka posta. Ililia hadi ikakatika. Mara tatu. Nyamwange, Okoth anasema, alitoka Mombasa akaunganisha likizo, yuko kwao Kisii hadi Januari.

Jumamosi, 14 Desemba

Rodah anaimba akikamua. Nilimwambia huu si wakati wa kuimba. Akasema ng'ombe hana habari ya Nairobi.

Jumapili, 15 Desemba

Hapakuwa na barua. Kipkirui naye alingoja. Tulisimama pande mbili za mlango.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimefikiria usiku na mchana mahali wanapolala. Nimefikiria hosteli ya masista, vyumba vya mitaani, godoro barabarani. Nikimwona Kipkirui shambani kwake nasema moyoni, ni yeye. Kisha nakumbuka kamusi.

Jumapili, 22 Desemba

Hapakuwa na barua. Wasichana hawaji Krismasi; walikuwa wameshasema mitihani yao inaanza mara baada ya mwaka mpya. Au hawana pa kuanzia safari.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Jerusa alikuja kumtembelea Rodah. Walikaa jikoni saa mbili, wakacheka. Nilikaa sebuleni na redio.

Jumapili, 29 Desemba

Hapakuwa na barua. Baada ya watu kwisha Kipkirui alivuka, akasimama hatua tatu kutoka kwangu. Ni mara ya kwanza tangu kituoni.

"Hujasikia kitu?"

"Sijasikia."

"Nami sijasikia." Alisugua goti. "Chakula hakipiti."

Sikumwonea huruma. Niliona tu kwamba amekonda mahali palepale nilipokonda mimi.

Jumapili, 5 Januari 1997

Jerusa alimaliza majina yote. Watu walianza kuondoka. Akabaki na bahasha mbili mkononi, akazitazama kama anazisoma kwa mara ya kwanza.

"Johana," aliita. Ni mimi. "Kipkirui."

Niliipasua yangu. Mwandiko wa Chepkurui, mistari michache: fomu ilifika Alhamisi, dereva mwenyewe aliipandisha hadi ofisini akiwa na gamubuti za matope. Majina mawili yameandikwa mlangoni. Jumamosi walikuwa na wageni kumi na mmoja, na yeye ndiye aliyewaambia karibu. Hapo chini Mellen ameongeza salamu kwa mwalimu wake wa hisabati.

Nilikaa kwenye ngazi.

Kisha, kwa mazoea, nikageuza bahasha. Nilipoinua kichwa Kipkirui alikuwa amegeuza yake, ameivuta mbali na macho, anakodoa.

"Bakule," akasema, "hiki ni nini hapa? Ni kumi na mbili au kumi na saba?"

"Kumi na mbili. Desemba."

Akaanza vidole. Mimi sikuhitaji vidole. Nilimtazama Rodah, aliyesimama kando ya Jerusa na Biblia kifuani, yule aliyekuwa akiimba kwa ng'ombe tangu tarehe kumi na nne.

"Mlijua," nikasema.

"Tulijua," Rodah akasema. "Mellen alimwandikia mama yake pia."

Kipkirui alifika mwisho wa vidole vyake, akavirudia, akafika. Ishirini na nne. Jerusa alifunga ufunguo wa sanduku kwenye ncha ya kitambaa chake, akakaza fundo.

"Zijazo mtapewa siku zinapofika," akasema. "Tulitaka tu mjue urefu wa siku hizo."

Wakashuka barabarani wawili hao, wakiongea. Kipkirui hakuweza kushuka ngazi peke yake kwa ajili ya goti. Sijamsamehe, naye hajanisamehe, na hilo tulilijua wote wawili nilipompa bega. Tulishuka polepole, kila mtu ameshika barua yake kwa mkono ulio mbali na mwenzake.